Kilichogonga Ukunguni

Ukienda kwa kaka yangu Bartolomeo kule Kansay, usigonge mlango. Simama uwanjani, piga hodi kwa sauti, usubiri atoke. Mwalimu mmoja mgeni alimgongea kwa kiwiko kwa sababu mikono yake ilikuwa imebeba vitabu. Bartolomeo akatoka uso umempauka, akampita mwalimu wa watu kama hamwoni, akaenda hadi barabarani kutazama kama kuna gari limesimama. Halikuwepo. Akarudi taratibu, akamkaribisha mgeni chai kwa heshima zote. Majirani wanasema amerogwa. Mimi Antonia ni mdogo wake, ziwa moja tumenyonya, na ninasema hajarogwa na mtu. Ningefurahi kama angekuwa amerogwa, maana mganga angepatikana.

Zamani alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Ufundi aliupata Oldeani kwenye mashamba ya walowezi, alikoanza kwa kuosha matrekta hadi akayajua matumbo yake. Walowezi walipoondoka, misheni moja ya Karatu ikamchukua kwenye gereji yake. Karatu yenyewe ilikuwa bado chini ya Mbulu, barabara moja ya vumbi jekundu na maduka ambayo rafu zake zilikuwa zinauza zaidi nafasi kuliko bidhaa. Hakuna gari lililomshinda, na asiposifiwa alijisifu mwenyewe. Tulimtania kwamba akifa tutamzika na spana mkononi akakaze bawaba za mlango wa peponi. Yeye ndiye aliyecheka kutushinda wote.

Wakaja Wazungu, mume na mke, na gari ambalo hatukuwahi kuona mfano wake. Mbele lilikuwa lori, nyuma lilikuwa nyumba. Ndani mna kitanda, kabati, jiko dogo, beseni la kunawia na taa za ukutani. Walikuwa wametembea nalo kutoka kwao, na safari ilipowachosha wakaliacha misheni kama sadaka, wakapanda ndege. Watu tukaliita gari-nyumba. Misheni wakajaza dawa kabatini, wakafunga redio ya kuitia hospitali, na gari likawa zahanati ya kutembea, likipanda Ngorongoro hadi Nainokanoka kuwatibu Wamasai. Dereva alikuwa Piusi, mtu mpole asiyependa ubishi. Muuguzi alikuwa nesi Hyasinta, ambaye watoto walimwogopa na mama zao walimpenda.

Gari lile lilikuwa na betri ya injini, iliyokaa mbele kama ya gari lolote, na betri nyingine mbili kubwa ambazo zilikuwa za nyumba. Hizo ndizo zilizowasha taa na redio injini ikiwa imezimwa. Zilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, zimeelekea ukuta unaotenganisha nyumba na chumba cha dereva. Ukuta huo haukuwa na dirisha. Aliyekuwa nyuma akitaka gari lisimame aligonga ukuta, na Piusi alisimama. Hivyo ndivyo walivyokubaliana tangu siku ya kwanza.

Betri, Bartolomeo alinieleza bila mimi kumuuliza, si mzigo wa kuweka tu ukaenda zako. Ndani ina maji ya asidi, na ikilala upande yanamwagika na kula mbao, nguo na mwili wa mtu. Ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka, kwa hiyo sanduku lazima liwe na tundu la kuitoa nje. Vichwa vyake vikigusa chuma zinaruka cheche. Na juu ya hayo yote lazima ifungwe isisogee hata kidogo, kwa sababu ile barabara ya Ngorongoro inaweza kukung'oa jino bovu bila daktari. Alipenda sana kulisema hilo la jino.

Sasa kibanio cha chuma kilichozishika zile betri kililiwa na asidi, kikakatika. Ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Uganda, na mtu wa umri wangu anajua nina maana gani. Sabuni foleni, chumvi foleni. Bamba la chuma na boliti ndefu Karatu hakuna, na Arusha wanakuambia njoo wiki ijayo, ukienda wiki ijayo wanakuambia hivyo hivyo. Gari likakaa juu ya mawe. Surua ilikuwa inawamaliza watoto huko juu, na nesi Hyasinta akawa anapita gereji kila asubuhi, anasimama mlangoni bila kusema kitu, jambo ambalo lilimuuma Bartolomeo kuliko matusi. Mwisho akakuna kichwa, akafanya ambacho baba yetu angefanya.

Alikwenda kwa mchinjaji akachukua ngozi mbichi ya fahali, akaikata kwa kuizungusha hadi akapata ukanda mmoja mrefu, kama tunavyoukata sisi Wairaqw kwa kuwambia vitanda. Akauloweka. Akazifunga betri zote mbili kwenye pete za sakafu ya sanduku, akavuta huku mguu umekanyaga ukutani, akaacha ukauke. Ukanda wa ngozi ukikauka unajivuta wenyewe na kubana ajabu. Kitanda alichozaliwia Bartolomeo kiliwambwa hivyo, na hakikuwahi kulegea hadi mama yetu anazeeka juu yake. Vichwa vya betri akavivisha mpira wa tyubu, tundu la hewa akalizibua vizuri. Kisha akaupiga ukanda kwa kidole, ukalia kama ngoma.

"Gari litakufa, huu utabaki," alituambia. "Na sanduku hili asilifungue mtu isipokuwa mimi. Asidi haina rafiki."

Safari ya kwanza ilikwenda salama hadi kwenye msitu wa ukingo wa kreta, pale ukungu unapokaa tangu alfajiri hadi jua la mchana liufukuze, na dereva anaendesha kwa kukumbuka zaidi kuliko kwa kuona. Piusi akasikia mgongoni kwake, ngo, ngo, ngo. Akasimama, akashuka akiangalia asije akajigonga kwenye nyati, akazunguka nyuma.

"Umeniita, nesi?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe unatengeneza kitu huko mbele."

Wakaendelea, na haikupita muda, ngo, ngo. Waliporudi Karatu gari likaegeshwa juani kama kawaida, na kesho yake Bartolomeo akafungua sanduku. Betri zimetulia. Ukanda akaupiga kidole, ukalia.

"Piusi, ndugu yangu," alisema, na gereji nzima ikimsikiliza, "unakunywa nini huko juu?"

Watu wakacheka, na Piusi akacheka pia kwa sababu ya upole wake. Lakini ikawa kila safari. Karatu kimya, njia ya kupanda kimya, wakiingia ukunguni kitu kinagonga. Bartolomeo alikagua tena na tena, kila mara chini, kila mara juani, kila mara ukanda umekaza. Maneno yakaanza mjini. Wapo waliosema kwamba wale Wazungu walikuwa watatu, mmoja akafia humo ndani njiani. Wapo waliosema ni mtoto wa surua aliyekufa kitandani pale, anaomba kushushwa kwao. Mimi mwenyewe nilipanda na Piusi mara nyingi na magunia yangu, maana Wamasai walikuwa wamekatazwa kulima ndani ya hifadhi lakini njaa haikukatazwa, nami nikawapelekea mahindi na ugoro. Kimasai changu nilikiokota katika biashara hiyo. Nilikisikia kile kitu kwa masikio yangu haya. Hakikugonga kwa hasira. Kiligonga kama mtu anayejua yuko nje na ana haki ya kuingia.

"Usijali, dada," Piusi aliniambia bila kupunguza mwendo. "Huyo ni mwenyeji wetu."

Alikuwa amejizoeza kutosimama. Nimelifikiria sana hilo na simlaumu, kwa sababu mtu hawezi kushuka kwenye ukungu wa nyati kila mara kwa ajili ya asiyekuwepo.

Naishorua alikuwa mke wa Moloimet wa Nainokanoka, msichana mrefu mwenye mwanya, na ule ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Alijifungua nyumbani vizuri, kisha damu ikakataa kukata. Bahati gari-nyumba lilikuwa pale. Nesi Hyasinta akafanya yote aliyoyajua, damu ikapungua, akaona huyu lazima afike hospitali. Wakamlaza kitandani, mtoto wake akabaki bomani kwa wanawake wengine. Mama mkwe wake, bibi Nareyu, akakaa naye kumshika. Hyasinta angekaa nyuma pia, lakini kulikuwa na mtoto mchanga wa watu wengine aliyekuwa anapumua kwa kuvutavuta, na vumbi la nyuma lingemmaliza, basi akakaa naye mbele. Alimwonyesha Nareyu kwa mkono, kwa kuwa hawakuelewana lugha: damu ikirudi, piga ngumi hapa ukutani.

Wakaingia ukunguni. Ngo, ngo, ngo. Piusi akasimama, Hyasinta akakimbia nyuma na mtoto kifuani. Naishorua alikuwa amesinzia, nguo kavu, Nareyu anatikisa kichwa kwamba hakuita. Wakaondoka. Kukagongwa tena, wakasimama tena, ikawa vilevile. Mtoto akaanza kubadilika rangi mdomoni. Mara nyingine tena, ngo, ngo. Piusi akamtazama nesi, nesi akamtazama mtoto.

"Twende," alisema. "Ni yule yule."

Kugonga kuliendelea muda mrefu, kisha kukanyamaza. Kwenye lango la hifadhi la Lodoare, chini ya ukungu, walifungua mlango wa nyuma. Bibi Nareyu alikuwa amekaa sakafuni ndani ya damu, kichwa cha Naishorua mapajani mwake, anamchezea hereni. Msichana alikuwa ameshakufa. Yule mtoto wa mbele alipona, na mtu akiniuliza kama hiyo ni faida au hasara namwambia aende akamuulize Hyasinta, aliyeomba uhamisho mwezi uleule na hakurudi kwetu tena.

Bartolomeo ndiye aliyeliosha gari. Alipotoka humo hakuwa na utani. Alimwomba Piusi ampeleke juu, yeye akae nyuma, nami nilikuwepo na magunia yangu. Tuliingia ukunguni na baridi ikapenya kila ufa wa nyumba ile, maji yakatiririka kwenye kuta kwa ndani. Ngo. Kaka yangu alipiga magoti, akasukuma makatoni ya dawa, akafungua sanduku, akatia mkono. Akabaki hivyo, mkono ndani, gari likiyumba. Kisha akanishika kiganja akakipeleka mle. Ule ukanda uliokuwa unalia kama ngoma ulikuwa laini, umelegea, unateleza kama utumbo uliochemshwa. Gari lilipoinama, betri zilisogea pamoja, zikagonga ubao wa mbele. Ngo, ngo.

Ngozi ilikuwa inakunywa ukungu. Ikishushwa Karatu jua linaikausha na inabana upya, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kufungua sanduku isipokuwa fundi, na fundi alifungua chini tu, ukanda ulimdanganya kila mara. Kwetu ukanda wa ngozi unaishi ndani ya nyumba, moto chini yake na moshi juu yake hadi unakuwa mweusi. Hatujawahi kuupeleka mawinguni. Baba yetu angekosea vilevile, nami pia.

Alirudi akakata fremu ya haro mbovu ya kulimia bila kumwomba mtu ruhusa, akang'oa boliti kwenye trekta lililokufa, akazibana betri kwa chuma, kabari za mbao pembeni na vipande vya tairi chini. Tangu hapo gari-nyumba lilipita ukunguni kimya kabisa. Ungedhani atafarijika. Kimya kile ndicho kilichomharibu.

Kwa maana alianza kujiuliza. Ikiwa asubuhi ile iligonga betri peke yake, basi Naishorua alikufa usingizini kwa damu, kama wanawake wengi wanavyokufa, na hata wangesimama wasingeona kitu. Lakini ikiwa katikati ya ngo, ngo za betri kulikuwa na ngumi ya mtu, basi kazi ya mikono yake ndiyo iliyowaziba wale wawili masikio. Alitaka kujua hilo moja tu. Nalo lilimla. Mke wake akitwanga, anatoka nje. Matone yakidondoka kwenye debe, anatoka nje. Akiwa anakula anasimama na kijiko hewani, anasikiliza. Alikonda hadi mkanda wa suruali ukawa unamzunguka mara mbili. Padre alimwambia Mungu anajua. Piusi alimwambia aache. Mimi nilimwambia aache, tena kwa ukali, maana nilikuwa naogopa kumzika.

"Nipeleke kwa huyo mama," alinijibu. "Wewe unajua lugha yao."

Nilikataa hadi nikachoka kukataa.

Tulimkuta bibi Nareyu nje ya boma, amekaa juani, ukungu umeshapanda. Alikuwa na ukanda wa ngozi magotini, wa kufungia ndama, anausugua kwa mafuta ya kondoo polepole, upande huu na upande huu. Mjukuu wake, yule aliyeachwa na Naishorua, alikuwa amelala kwenye shuka kando yake, mnene, nzi wanamtembelea.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu, nikimwita mama kwa lugha yao.

"Iko."

Bartolomeo hakusalimu. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya yule mama.

"Muulize kwa nini anaupaka mafuta."

Nikamuuliza. Nareyu alinishangaa, mtu mzima kuuliza kitu kama hicho. "Ili usinywe ukungu," alisema. Nikamwambia kaka. Akafumba macho, na kwa muda nilidhani tutaishia hapo, nikashukuru. Lakini akaniambia niulize lile lililotuleta. Nikauliza kwa adabu zote nilizonazo: siku ile ndani ya gari, mama, uligonga?

"Niligonga," alisema Nareyu, akikunja ngumi. "Damu iliporudi niligonga kwa ngumi, kama nesi alivyonionyesha. Niligonga sana."

Kaka yangu alilielewa jibu kabla sijalitafsiri. Aliketi chini kwenye samadi kavu, palepale aliposimama. Lakini mama alikuwa hajamaliza, na uso wake ulikuwa umelainika, akaweka mkono wake wenye mafuta juu ya mkono wangu.

"Na yule dereva wenu alinijibu," alisema. "Niligonga, naye akagonga. Nikagonga tena, akagonga tena. Naishorua aliniuliza, 'Yeyo, wametusikia?' Nikamwambia, wametusikia mwanangu, wanajibu, wanatafuta tu mahali pa kusimama. Akatulia. Alikuwa ameogopa sana, lakini baada ya hapo alitulia, na mimi nikaacha kugonga nikamshika. Mwambie dereva huyo kwamba ninamkumbuka. Hakuweza kusimama, labda barabara ilikuwa mbaya. Lakini hakutuacha peke yetu."

Nikamweleza kaka kwa Kiiraqw, lote, kama lilivyosemwa. Halafu nikamwambia, "Umelipata ulilolitafuta. Sasa shukuru, tuondoke."

Hakuondoka. Alikuwa analia bila kuficha, mwanaume mzima.

"Mwambie hakuwa Piusi," alisema. "Mwambie zilikuwa betri, nilizifunga mimi vibaya."

"Barto, nyamaza."

"Mwambie, Antonia. Siwezi kwenda na shukrani hizi nyumbani."

"Si zako. Ni zake, mwachie."

Hakumwachia. Alianza kumwambia mwenyewe kwa Kiswahili na mikono, anaonyesha sanduku, anaonyesha ukanda magotini kwa yule mama, anagonga ardhi kwa ngumi, ngo, ngo, na Nareyu anatutazama kwa zamu, anaanza kuingiwa na hofu, ananiuliza mimi, huyu mtu anasema nini, mbona analia, anasema nini? Ningenyamaza angebaki na zile ishara za mikono akafikiri mabaya zaidi. Basi nikasema. Nikamwambia ni mzigo mzito uliolegea chini ya kitanda, ukawa unagonga wenyewe kila gari likiinama, na waliokaa mbele walidhani ni huo tu. Hadi leo nina hasira na kaka yangu kwa maneno hayo. Ninampenda, ninampikia, ninapiga hodi uwanjani kwake kama mgeni, lakini nina hasira naye. Alitaka kutua mzigo na akautua kwenye magoti ya bibi kizee.

Mikono ya Nareyu ilisimama kwenye ukanda. Alikaa akimtazama yule mtoto kwenye shuka, kisha akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri:

"Kwa hiyo tulipokuwa tunagonga, hakuna mtu aliyetujibu?"

Bartolomeo alinivuta kanga. Alitaka kujua bibi amesema nini, nami nikamwambia.